Dirisha Ambalo Pasta Hakulipaka Mafuta

Mlioniacha juma lililopita nimesimama sebuleni kwa Kibii na sahani ya pilau mkononi, sahani ile bado ninayo, na pilau imeshapoa.

Na wewe uliyefungiwa nyama kwa ukurasa huu wa gazeti ukaamua kuusoma kabla ya kuwasha jiko, karibu. Naitwa Wanjugu. Napamba nyumba za watu hapa Nakuru, kuta, dari, mapazia na yote, na ni kazi inayonilisha vizuri. Mteja wangu mkubwa mwaka huu ni Kibii, tajiri wa malori, mwenye nyumba ya gorofa Milimani. Mkewe, Chepkemoi, alinishika mkono siku moja tukichagua rangi akaniambia kuwa bwanake anampiga. Akaniomba nimjengee kijichumba cha siri nyuma ya kabati la chumbani. Alitaka ukuta wa mawe, si wa karatasi nyepesi za jipsam, ili akilia ndani asisikike. Nikajenga. Tuliojua ni watatu: mimi, yeye, na fundi wangu Ngigi, mzee wa watu kutoka Kabazi.

Jumapili ya kubariki nyumba ikafika. Pasta Micah alianza nje na chupa yake ya mafuta ya zeituni. Madirisha ya chini aliyapaka kwa kidole, ya juu aliyaelekezea chupa, huku akiyahesabu kwa sauti. Kisha akaingia ndani kuyapaka upande wa pili. Aliposhuka ngazi alikuwa amekunja uso.

"Bwana Kibii," akasema mbele ya kanisa zima, "huko juu, nikiwa nje, nimehesabu madirisha matano. Nikiwa ndani nimepata manne. Nyumba hii iko na dirisha halina chumba."

Hapo ndipo tulipoachana.

Watu walicheka. Aliyecheka kwanza ni Kibii mwenyewe.

"Pasta, hiyo ni hesabu ya mtu ako na njaa. Hebu mpeeni nyama!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mimi nilijitahidi kucheka nao. Macho yangu yalimtafuta Chepkemoi. Dakika moja kabla alikuwa mezani akiwamiminia wageni maziwa ya mursik. Kibuyu kilikuwepo. Yeye hakuwepo.

Nikajua ameingia. Amesikia maneno ya pasta, akapanda ngazi kimya, akajificha ndani ya ukuta wangu.

Na nikajua jambo la pili. Kibii ana historia. Pale Mai Mahiu aliwahi kumvunja mguu utingo wake kwa spana kwa sababu ya turubai lililopotea, na kesi ikafa. Mkewe alikimbilia kwao mara mbili, na mara mbili wazee wakakaa, wakala mbuzi, wakamrudisha. Mtu kama huyo akikuta mkewe amejijengea maficho ndani ya nyumba yake mwenyewe, hatapiga kofi. Ataua. Kilichosimama kati ya Chepkemoi na kaburi kilikuwa ulimi wangu.

Kibii aliwasindikiza wageni mmoja mmoja. Aliwafungia nyama ya kubeba, akawashika mikono, akawaombea safari njema. Pasta Micah ndiye aliyetoka wa mwisho, bado anatikisa kichwa. Kisha nikasikia geti likifungwa, na kufuli.

Ndugu zangu, mimi ni mwanamke mwenye sheria zake za kazi. Wenzangu katika kazi hii wanakufa maskini kwa sababu mteja akiwaita "mtoto wangu" wanayeyuka. Wanapigiwa simu saa tano usiku kuhusu mito ya makochi, wanafanywa mashahidi wa talaka, mwishowe kazi inaisha kwa matusi. Mimi nilishayapitia hayo nikasema basi. Jumapili sionekani kwa mteja. Chakula cha mteja sili. Mpango ukishakubaliwa, haubadilishwi katikati ya kazi. Na kubwa kuliko zote, mambo ya mteja siulizi. Niambie unataka nini, nitakujengea. Kwa nini unakitaka, hiyo ni yako na Mungu wako.

Sasa nitazameni. Jumapili, kwa mteja, na pilau mkononi.

Kibii alirudi akivua koti la suti. Akalitundika juu ya kiti taratibu, kama mtu anayejiandaa kuosha gari.

"Madam Dizaina, wewe ubaki kidogo. Kuna kitu utanieleza."

"Mzee, leo ni siku ya Bwana. Kesho saa tatu niko ofisini, uje tuongee."

Kofi lilinipata kabla sijaiweka sahani mezani. Pilau iliruka ikatapakaa kwenye zulia nililolichagua mwenyewe. Nilianguka juu ya kochi, kutoka kochini nikateremka sakafuni, na ladha ya damu ikajaa mdomoni.

Sikuwa nimewahi kupigwa na mteja. Niliumia, ndiyo, lakini kilichonizidi kilikuwa aibu, na mpaka leo sielewi kwa nini aliyepigwa ndiye anayeona aibu.

"Usiniambie kesho," Kibii akasema. "Mimi nimekaa Salgaa na malori miaka mingi. Nimeibiwa na madereva, nimeibiwa na polisi, nimeibiwa na malaya. Najua mtu ananidanganya akiwa ananiangalia hivi vile unaniangalia."

Akatoka nje. Kwenye pikapu yangu, ndani ya geti, Ngigi alikuwa amejilaza akisubiri tuondoke. Ijumaa mkanda wa dari ulikuwa umepasuka, tukaja na vifaa vyote asubuhi hiyo ya Jumapili tuuzibe kabla wageni hawajafika. Jipsam ilikuwemo, ndoo za plasta zilikuwemo, na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe ilikuwemo pia.

Nilimwona akirudi. Mkono mmoja umeshika nyundo, mwingine umeshika shingo ya Ngigi.

"Pandeni juu," akasema.

"Boss, shida ni gani?" Ngigi akauliza. Alikuwa bado na usingizi machoni.

"Panda, mzee. Utajulia huko."

Tukapanda. Chumba chao cha kulala ndicho kazi niliyojivunia kuliko zote mwaka huu. Nyuma ya kitanda nilikuwa nimeweka ubao mrefu wa kuegemea uliovishwa velveti ya kijani, na upande wa pili kabati kubwa la mti wa msaipresi lililofika darini. Bafu lilikuwa pale pale, mlango wake umeachwa wazi kidogo. Kibii hakulitazama hata mara moja.

"Bibi yangu ako ndani ya hii nyumba," akasema. "Geti ni moja, na nimesimama hapo mimi mwenyewe. Hajatoka. Kwa hivyo ako kwa ukuta. Sasa nyinyi ndio mlijenga. Nani ako nyuma ya ukuta, na ni ukuta gani?"

"Mzee, hakuna mtu," nikasema. "Dirisha moja tulilifunga kwa sababu ya kelele ya barabara. Ni kazi ya kawaida."

"Ukuta gani?"

Nikanyoosha kidole kitandani. Uongo huo niliutoa bila kufikiri, na nilipoutoa nikajua umeninunulia dakika chache tu.

Aliinua nyundo. Velveti ilipasuka kwa pigo la kwanza. La pili likang'oa ubao, la tatu likafika kwenye mawe na cheche zikaruka. Alipiga huku akiita.

"Chepkemoi! Toka! Toka kabla nikutoe!"

Alivunja ukuta ule mpaka akatokeza upande wa korido. Hakukuwa na mtu. Akahamia mahali pa televisheni, akaponda mbao na taa zilizofichwa humo, vioo vikatapakaa. Akapiga dari. Vumbi la jipsam lilitushukia sote tukawa weupe. Kila alipopiga niliona miezi yangu ya kazi ikianguka chini, na nitasema kweli, kuna mahali nililia kwa ajili ya velveti. Mwanamke amejificha hatua chache kutoka hapo akisubiri kuuawa, nami nalilia kitambaa.

Kisha akachoka na kuta. Akamgeukia Ngigi.

"Leta mkono."

"Boss, mimi ni mtu ya plasta tu," Ngigi akasema. "Kuchora ni ya madam. Mimi naambiwa paka, napaka."

Kibii akamkamata kifundo, akaulaza mkono wake juu ya meza ya kujipambia, ile yenye marumaru.

"Mzee Kibii, tafadhali!" nikapiga kelele. "Huyo hana kosa. Nipige mimi!"

"Wewe nitakufikia."

Nyundo ikashuka. Mlio wake sitauandika hapa. Ngigi alimwita mamake, mama aliyemzika kitambo, akapiga magoti meza ikiwa bado imembeba mkono.

Kibii akauchukua mkono wa pili akaulaza palipokuwa pa kwanza.

"Madam," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kutisha, "huyu mzee atakula na nini?"

Niliutazama mkono ule. Ni mkono uliopaka nyumba za nusu ya wateja wangu. Ngigi ana shamba dogo Kabazi, ana mke mwenye miguu mibovu, na mikono ile ndiyo iliyowabeba. Mezani palikuwa na mkono wa mtu, na nyuma ya kabati palikuwa na roho ya mtu.   Sikujua nimchague nani.

"Kabati!" Ngigi akalia. "Ni kwa kabati! Nyuma ya nguo!"

Sikumlaumu, wala leo simlaumu. Ninachojilaumu ni kwamba moyoni nilishukuru. Nilishukuru aliyesema ni yeye, si mimi.

Kibii akamwachilia. Akaifungua milango ya kabati, akachomoa nguo kwa mikono miwili, suti zake, magauni ya mkewe, akizitupa nyuma mpaka ubao wa ndani ukaonekana. Akaupapasa. Ubao ukateleza kando jinsi tulivyoutengeneza, na nyuma yake ukatokea mlango mdogo, mfupi, unaofika kifuani. Juu yake kulikuwa na komeo la chuma.

Komeo lilikuwa limefungwa.

 Kibii alikuwa na hasira, na mwenye hasira haoni. Mimi niliona. Komeo lilikuwa upande wetu, limesukumwa mpaka mwisho. Mtu aliye ndani hawezi kujifungia kwa nje.

Chepkemoi hakuwamo.

Kibii alilivuta komeo, akaubamiza mlango. Giza. "Toka!" akanguruma. Kimya. Akajaribu kuingia na nyundo, mabega yakakwama, maana mlango ulikuwa mwembamba. Akaitupa nyundo chini, akawasha taa ya simu, akainama, akaingiza kichwa na kifua.

Mlango wa bafu ukafunguka.

Chepkemoi alitoka miguu mitupu, na gauni lake la kanisani la rangi ya maziwa. Hakuwa na haraka. Alipita kando yangu, akaiokota nyundo, akaishika karibu na kichwa chake kwa sababu ilikuwa nzito.

Pigo la kwanza lilimpata Kibii mgongoni. Alinguruma akajaribu kurudi nyuma, lakini mlango ulikuwa umembana. Pigo la pili sikulitazama. Niliposikia kimya, nikatazama. Chepkemoi alikuwa akiisukuma miguu ya mumewe ndani kwa mguu wake, kama mtu anayesukuma gunia la viazi stoo. Akaufunga mlango. Akalisukuma komeo mpaka mwisho.

Halafu akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kati ya vumbi na velveti.

"Dada yangu," akasema, "amekuumiza sana?"

 Alienda kwa Ngigi, akachana shuka, akaufunga ule mkono taratibu huku akimwambia pole, mzee, pole, pole sana.  Nami nilikuwa nalitazama komeo.

Mnakumbuka nilipolipachika komeo lile? Mimi nakumbuka. Siku ile nilimwambia Chepkemoi, mtu anayejificha hujifungia kwa ndani. Akasema, "Weka nje, Wanjugu, hivyo ndivyo nataka." Nikaweka. Nilimwambia kwamba Ngigi anaweza kuikata grili ya dirisha ili ifunguke, mtu apate pa kutorokea. Akasema grili ibaki. Nikaiacha. Nilimwambia jipsam inatosha. Akasema mawe. Nikajenga mawe. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta bila hata kuuliza ufa uko wapi.

Kwa sababu sheria yangu ni kutouliza.

"Hiki chumba hakikuwa chako," nikasema.

"Ulidhani ni changu?" Chepkemoi akanitazama. Hakuwa na ubaya usoni, alikuwa amechoka tu. "Nijifiche ndani ya nyumba yangu mpaka lini? Mpaka nizeeke kwa kabati? Nimekimbia mara mbili. Wazee wamekula mbuzi wawili. Ningekimbia tena, wangekula wa tatu."

"Na pasta?"

"Nilimwomba aanzie nje. Pasta Micah alikuwa mwalimu wa hesabu kabla aokoke. Nilijua atahesabu, na nilijua akihesabu atasema. Na Kibii akisikia kuna mahali haoni kwa nyumba yake, ataingia kichwa kwanza."

"Na sisi je?" Sauti yangu ilipanda bila ruhusa yangu. "Angalia mkono wa huyu mzee! Na sisi je, Chepkemoi?"

Hapo ndipo uso wake ulipoporomoka.

"Nilidhani mtaenda na wageni wengine," akasema. "Wewe huwa hukai kwa mteja. Wewe mwenyewe uliniambia. Wanjugu, ulikuwa unafanya nini hapa na pilau?"

Akalia. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, vyote kwa wakati mmoja. Alinitumia. Alinipima kama mimi ninavyopima chumba, akajua nitauliza nini na sitauliza nini, akanijengesha gereza kwa mikono yangu mwenyewe. Na bado, ningekuwa mimi nimelala miaka yote hiyo kando ya mtu yule, sijui ningefanya nini.

Nyuma ya mlango mdogo kukasikika mkoromo. Kisha kikohozi.

"Anapumua," nikasema.

"Najua."

"Tupigie daktari simu. Tupigie polisi."

"Polisi wa wapi? Wale hunywa chai yake?" Alijifuta machozi kwa kiganja, na alipomaliza kujifuta alikuwa mtu mwingine. "Wanjugu, hizo karatasi za jipsam ziko kwa pikapu. Plasta iko. Funga hapo, mlango usionekane. Kabati tutalisogeza. Na dirisha ulizibe usiku, rangi ya nje unajua ni gani. Nitasema alienda Salgaa akaenda na mwanamke. Kila mtu ataamini."

"Chepkemoi, huyo ni mtu yuko hai."

"Nimesema najua."

"Hiyo si kazi ya kupamba nyumba. Hiyo ni kuzika mtu mzima mzima."

"Uliniambia mteja asibadilishe mpango katikati ya kazi," akasema. "Mimi sijabadilisha. Huu ndio ulikuwa mpango."

Ngigi aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa na jasho na vumbi. "Madam," akaniambia kwa sauti ndogo, "twende nyumbani."

Ni neno moja tu nililohitaji kusema, hapana. Nimewaambia wateja hapana maisha yangu yote ya kazi. Nimewanyima punguzo, nimewanyima simu za usiku, nimemnyima mama mmoja wa Naka bomba la dhahabu alilolitaka kwa sababu lingeharibu jiko. Neno hilo ndilo lililonijengea nyumba. Nililitafuta mdomoni nikapata damu tu.

Geti likagongwa.

 Likagongwa tena, taratibu, kwa adabu.

"Hodi wenyewe! Bwana asifiwe!"

Alikuwa Pasta Micah.

Chepkemoi alininong'oneza: "Ufunguo uko kwa koti lake huko chini. Mimi niko na damu kwa nguo. Enda wewe. Mwambie tumelala, tunaumwa, chochote. Tafadhali. Akipanda hapa mimi nimekwisha."

Nilishuka.  Nilijifuta mdomo kwa pindo la blauzi, nikatoa ufunguo mfukoni mwa koti, nikavuka ua nikafungua geti kidogo, upana wa uso wangu tu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na ua wote ulikuwa wa dhahabu.

Pasta alikuwa peke yake. Suti yake nyeupe ya ibada ilikuwa bado mwilini, na ile chupa ilikuwa bado mkononi.

"Madam, ni wewe? Nilidhani umeenda." Akanitazama vizuri. "Mdomo wako umefanya nini?"

"Nilianguka kwa ngazi, pasta."

Nilipoyasema nikayatambua. Ni maneno yale yale. Ndivyo Chepkemoi alivyoniambia siku ya kwanza tulipokutana, jicho lake likiwa jeusi, nami nikaandika vipimo vya sebule nikanyamaza. Niliona aibu mpaka masikioni.

"Pole sana," pasta akasema. Akausukuma mlango wa geti kwa upole, naye ni mtu wa Mungu, nikampisha. Akaingia uani. "Mzee yuko?"

"Amepumzika."

"Na mama?"

"Pia."

"Basi sitawasumbua. Nimefika nyumbani, nimewekewa chakula, kimekataa kushuka. Unaniona mimi ni mzee msumbufu, najua. Lakini nimebariki nyumba nikaacha dirisha moja bila mafuta. Hiyo si baraka, ni kazi nusu. Wewe ni mtu wa kazi, unanielewa."

"Nakuelewa, pasta. Lakini kesho..."

"Haitachukua hata dakika. Ni lile." Akapiga hatua mpaka chini ya ukuta, akasimama pale pale nisipotaka asimame, akafungua kifuniko cha chupa. "Hata sipandi. Nitaliombea hapa chini, niende."

Alifumba macho akainua mkono.

Mimi sikufumba. Nilitazama juu. Kioo cha dirisha la tano, kile nilichokibandika karatasi ya ukungu ili kisionyeshe ndani, kilikuwa kinasogea. Kilifunguka polepole mpaka kikagonga grili. Kidole kikatokea. Kisha mkono mzima ukapenya kati ya vyuma, mweupe kwa vumbi na mwekundu juu ya vumbi, ukaning'inia juu ya kichwa cha mtu anayeomba.

Mlango wa mbele ukafunguka. Chepkemoi alisimama pale amebadilisha gauni, ameshika thamosi na kikombe, anatabasamu. Hakuwa ameona juu.

"Pasta! Karibu chai kwanza!"

"Amina," pasta akasema, akimaliza ombi lake. Tone moja likamwangukia begani, juu ya ile suti nyeupe. Akalipangusa kwa kidole, kidole kile kile cha mafuta, bila kutazama, kama mtu aliyeangukiwa na mvua. Kisha akakumbuka hakuna mvua. Akakileta kidole karibu na macho, akakigeuza kwenye jua.

Tabasamu la Chepkemoi likafa.  Alinitazama mimi, hakumtazama pasta.

Pasta hakuinua uso juu. Nadhani alikuwa tayari anaogopa atakachokiona. Alinigeukia.

"Binti yangu," akaniuliza, "nani yuko nyuma ya dirisha hilo?"

Siku ile ile Kibii alikuwa ameniuliza nani yuko nyuma ya ukuta, nikamdanganya nikidhani najua jibu. Sasa nilikuwa nalijua kwa kweli, na pasta na Chepkemoi, wote wawili, walikuwa wananingoja niseme.